Mshipi, Bega na Mwanyumba Wangu

Jumapili, 4 Septemba 1994

Chakula cha mchana kwa baba mkwe. Kuku, viazi, maharagwe mabichi. Nilijua kuna jambo pale Mzee Anders alipokataa pai. Mzee huyu hajawahi kukataa pai.

Akafuta mdomo, akasema. Mwaka huu ndio wa mwisho kwake kupanda mlimani kuwinda elki, wale kulungu wakubwa wa huku. Magoti yamekwisha. Daktari naye kamwambia mambo ya moyo ambayo hakutaka kuyarudia mezani. Farasi wamebaki wawili. Mmoja wa kumbeba yeye, mmoja wa kumbeba mkwe mmoja. Na wakwe tuko wawili: mimi, Merle Haskett, na mwanyumba wangu Royce Amdahl, aliyemwoa Jeanette, mdogo wa mke wangu Lorna.

Mzee hataki kuchagua kwa mdomo, asije akaambiwa anapendelea. Bunduki zitachagua. Jumamosi ya tarehe kumi na saba, malishoni kwake, yadi mia tano, risasi tano kila mtu. Ambaye matundu yake yatakaribiana zaidi kwenye shabaha, huyo ndiye wa kupanda naye.

Nikamtazama Royce. Akajikatia pai kipande cha pili.

Kwa nini? Mtu aliyeshtuka hali pai. Kwa hiyo hakushtuka. Kwa hiyo alikwisha kujua. Nani alimwambia?

Nimuulize Lorna. Hapana. Lorna ni shemeji yake.

Niandike ukweli hapa, maana hapa hapana anayesoma. Naitaka safari hii kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Baba yangu mzazi hakuwa mtu wa kwenda naye popote. Mzee Anders aliwahi kunishika bega nilipompiga elki wangu wa kwanza, elki dume mkubwa kama farasi, akasema nimefanya vizuri. Bega hilo bado nalihisi.

Jumatatu, 5 Septemba

Sikukuu. Lori la gesi ninaloendesha limelala, na mimi nimeenda kwenye machimbo ya kokoto kujaribu bunduki.

Risasi tano. Zimetawanyika kama mtama uliotupiwa kuku. Moja haikugusa hata ubao.

Si mkono wangu. Mkono wangu naujua. Upepo haukuwepo. Zimebaki risasi zenyewe, na risasi nimezishindilia mwenyewe, kwa hiyo mtu amezichezea.

Nifikiri vizuri. Mimi na Royce tuna bunduki za aina moja, magnamu za risasi zenye mshipi, zile ambazo ganda lake lina ukingo mnene wa shaba unaolizunguka chini karibu na kitako. Wote wawili hatununui risasi za dukani. Tunaokota maganda yaliyokwisha kupigwa, tunayarudishia umbo kwa kalibu ya chuma iliyofungwa kwenye mashine, tunatia fataki mpya, baruti mpya, kichwa kipya. Kazi ile ile, vifaa vile vile. Mbona zake zinapiga mahali pamoja na zangu zinatembea?

Nimekumbuka. Mwezi wa nne Royce aliazima mizani yangu ya kupimia baruti. Akairudisha ikiwa safi kuliko alivyoichukua.

Safi kuliko alivyoichukua. Nani husafisha mizani ya mtu mwingine bila sababu?

Jumatano, 7 Septemba

Dukani kwa Opal kutafuta baruti. Ile ninayotumia imekwisha. Kopo la mwisho kalichukua nani? Royce Amdahl, jana asubuhi.

Nikaona nimpeleleze Opal kwa akili. Nikamwambia siku ya kuzaliwa ya Royce inakaribia, nataka kumpa zawadi, kwa hiyo anitajie vitu anavyopenda kununua. Opal akanijibu kwamba Royce alizaliwa Februari, wamesoma darasa moja. Nikasema napenda kujiandaa mapema. Akanitazama kwa muda. Mwisho akasema pamoja na baruti alichukua mafuta ya kulainisha na mishumaa. Pakiti nzima.

Mishumaa!

Umeme kwao haujakatika. Kanisani hawashi mishumaa, ni Walutheri kama sisi, na hata tungewasha si yeye angenunua. Royce ni mtu wa ukimya, na simba mwenda pole ndiye mla nyama. Mishumaa hiyo ni ya risasi.

Niliporudi na lori nilifikiri njia nzima. Mshumaa una vitu viwili: moto na nta. Moto kwenye baruti, hapana, Royce si mwendawazimu. Basi ni nta. Anapaka nta vichwa vya risasi viteleze ndani ya mtutu.

Ujanja mzuri. Haukunipita.

Ijumaa, 9 Septemba

Nta haifai. Nimeyeyusha mishumaa, nikapaka vichwa ishirini, jiko likajaa harufu ya kanisa la Kikatoliki. Lorna akauliza kama kuna mtu kafa. Nikamwambia ashughulike na mambo yake. Akasema jiko ndilo mambo yake.

Machimboni risasi ya kwanza ilikwenda kusikojulikana. Ya pili, moshi ukanirudia usoni, macho yakawasha. Nikavuta komeo la bunduki. Likatoka nusu ganda. Kitako na mshipi wake mkononi mwangu, sehemu ya mbele imebaki ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Limekatika duara, safi, kama mtu alilikata kwa kisu.

Nilikaa juu ya kokoto, nikakichokoa kile kipande chembani kwa waya mpaka kikatoka. Halafu nikayatazama maganda mengine. Yote yana mstari. Mstari mwembamba unaong'aa, umezunguka ganda zima, juu kidogo tu ya mshipi. Mwaka jana haukuwepo. Ninaapa haukuwepo.

Mtu ameingia karakana yangu na tupa nyembamba, akayachora maganda yangu moja moja, mahali ambapo jicho halifiki.

Mlango wa karakana haufungwi. Royce anajua haufungwi, alinisaidia kuupachika.

Jumamosi, 10 Septemba

Asubuhi nimenyunyiza unga sakafuni karakana nzima, kuanzia mlangoni mpaka kwenye meza ya kushindilia. Nikaenda kupeleka gesi.

Niliporudi, nyayo! Ndogo, zimeingia, zimekwenda mpaka kwenye friji kubwa, zimetoka.

Royce ana miguu mikubwa. Lakini Jeanette ana miguu midogo. Amemtuma mkewe.

Lorna akatokea nyuma yangu na ufagio. Alikuwa ameingia kuchukua nyama ya kusaga. Akauliza ni mjinga gani amemwaga unga wa maandazi. Nikamwambia ni panya. Akauliza panya gani anabeba gunia.

Lakini Lorna na Jeanette huvaa namba moja ya viatu. Huo si ushahidi wa kumtoa Jeanette kwenye shaka.

Jumapili, 11 Septemba

Leo nimefanya jambo. Naliandika likiwa bado moto.

Chakula kilikuwa kwa Royce. Baada ya kula wote wakatoka barazani, Mzee akawa anasimulia habari za farasi wake kukanyaga mzinga wa nyuki. Nimeisikia mara nyingi. Nikasema naenda msalani. Sikwenda. Nikateremka chini, kwenye chumba chake cha kushindilia.

Meza safi kama ya daktari wa meno. Kipande cha mshumaa, kimeungua nusu. Kando yake maganda matupu, na mabegani, pale ganda linapobana kwenda shingoni, yana weusi wa masizi. Sikuelewa. Kwa nini mtu achafue maganda? Lakini sikuwa na nafasi ya kuelewa. Kulikuwa na kisanduku cha risasi tayari kwa Jumamosi. Kumi, zimepangwa, zimeng'arishwa.

Mfukoni nilikuwa na kumi zangu. Zile zenye mstari. Maganda ya kiwanda kimoja, vichwa vya aina moja, hata mama yao asingezitofautisha. Nikachukua zake. Nikaweka zangu.

Nilijiambia hivi: dawa ya moto ni moto. Yeye ndiye aliyeyachora, basi ayapige mwenyewe aone yanavyotawanyika.

Nikapanda ngazi. Royce alikuwa anaingia kuchukua kahawa. Akauliza kama tumbo linanisumbua, maana nimekawia. Nikasema kidogo. Akanipa dawa ya tumbo. Nikainywa mbele yake, na tumbo langu zima kabisa. Ningefanyaje?

Jumanne, 13 Septemba

Nina risasi kumi za Royce. Lorna kaniuliza mbona siendi machimboni tena, siku zimebaki chache. Nikamwambia mpigaji mzuri hujipumzisha.

Ukweli ni kwamba sitaki kupoteza hata moja. Hizi si za kujaribia. Hizi ni za Jumamosi. Nimezifunga ndani ya soksi.

Nimezidi kuzitazama. Hazina mstari hata kidogo. Fundi wa hila hajichori mwenyewe.

Jumatano, 14 Septemba

Nilikuwa namfungia mteja bomba la gesi nikaanza kufikiri jambo ambalo sikulifikiri Jumapili.

Lile ganda lilikatika. Moshi ulinirudia. Mimi nilikuwa peke yangu machimboni, na bahati ilikuwa upande wangu. Jumamosi Royce ataweka shavu lake kwenye kitako cha bunduki. Na Mzee Anders hukaa wapi mtu anapopiga? Hukaa kwenye kiti chake cha turubai, begani kabisa kwa mpigaji, na darubini. Ndivyo alivyotufundisha sote. Huwa tunahisi pumzi yake sikioni.

Nilikaza bomba mpaka mteja akaniuliza kama nataka kulivunja.

Alhamisi, 15 Septemba

Nimekwenda kwa Royce kuzirudisha. Nimevaa koti lenye mifuko mikubwa, soksi mfukoni.

Royce alikuwa nyumbani. Akafurahi kuniona, jambo ambalo lenyewe linatia shaka. Akanimiminia kahawa, akaanza kunieleza habari za paa lake linalovuja. Nikasema nataka kuona vifaa vyake chini. Akasema havipo, amekwisha kupakia kila kitu kwenye gari lake, na funguo za gari Jeanette kaenda nazo mjini. Nikauliza kisanduku cha risasi nacho kipo humo? Akasema kila kitu.

Akaniuliza kama nina jambo la kumwambia.

Kwa nini aliuliza hivyo? Anajua? Kama anajua, mbona hasemi? Nikasema sina. Nikanywa kahawa ya pili, nikasikiliza paa lote mpaka kwenye bati la mwisho, nikarudi na soksi yangu.

Ijumaa, 16 Septemba

Sikwenda kazini. Nimesema naumwa tumbo. Sasa kweli linauma.

Jumamosi, 17 Septemba

Niandike kwa mpangilio, maana nikiandika ovyo nitajipendelea.

Malishoni kwa Mzee. Anga nyeupe, milima ya Bighorn imevaa theluji kidogo kileleni. Mzee kwenye kiti chake cha turubai, amevaa kofia nzuri kama anakwenda harusini. Lorna alikuwa amekuja na chupa ya kahawa na vikombe. Jeanette alibaki nyumbani na mafua. Shabaha ubaoni, yadi mia tano, kijikaratasi cheupe mbele ya majani ya kahawia.

Mzee akasema mkwe mkubwa aanze. Mkwe mkubwa ni mimi.

Nikakaa mezani. Nikatoa risasi moja kwenye soksi. Mzee akaitazama soksi. Nikaitia risasi, nikasukuma komeo. Likafika karibu na mwisho likagoma. Nikasukuma kwa nguvu. Likagoma. Nikatoa, nikatia ya pili. Likagoma. Ya tatu. Ya nne nilipiga komeo kwa kiganja mpaka kiganja kikavimba.

Mzee akaniuliza bunduki ina nini. Nikasema baridi imeiingia. Akatazama jua.

Nikasema basi Royce aanze, mimi nitaipasha moto kidogo. Royce akakaa mezani taratibu kama afanyavyo kila kitu. Akafungua kisanduku. Akatoa risasi huku macho yake yakiwa kwenye shabaha, akaitia. Komeo lake likafunga laini kabisa. Mzee akasogeza kiti chake, akainama, akaweka jicho kwenye darubini. Sikio lake lilikuwa shibiri moja kutoka kwenye ile chemba.

Royce akavuta pumzi.

"Usipige!" Ilikuwa ni sauti yangu.

Wote wakanigeukia. Royce akaondoa kidole kwenye kifyatulio. Akafungua komeo, akaitoa ile risasi, akaitazama. Akapitisha ukucha juu ya mshipi, pole pole, akiizungusha. Akatoa nyingine kisandukuni, akafanya vile vile. Halafu akaja kwangu, akaingiza mkono kwenye soksi yangu, akatoa moja. Hiyo hakuipitishia ukucha. Aliijua kwa macho.

Akasema kwa sauti ya chini, lakini malishoni hakuna kitu cha kuzuia sauti.

"Merle. Hizi ulitaka nizipige, na Mzee kakaa hapo?"

Nikamwambia asijifanye malaika. Nikamwambia najua aliingia karakana yangu na tupa, akayachora maganda yangu yote, najua habari za mizani, najua habari za mishumaa. Nilisema mengi. Nilisema mpaka habari za pai.

Royce alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema hakuna aliyeyachora. Akasema, na hapa naandika alivyosema kwa sababu Mzee alikuwa anatikisa kichwa kukubali:

"Kalibu yako umeikaza mpaka chini. Kila ukirudishia umbo, unalisukuma bega la ganda nyuma kupita kiasi. Ukipiga, ganda linakuwa halina pa kuegemea mbele, limeshikwa na mshipi peke yake. Linavutika. Linakuwa jembamba pale juu ya mshipi. Huo mstari unaouona ni shaba inayokaribia kukatika, mwanyumba. Umeichora mwenyewe."

Nikauliza na mishumaa? Akasema anapaka bega masizi, anatia ganda kwenye chemba, anafunga komeo, anatoa, anaona masizi yalipokwaruzika. Hapo anajua kalibu imegusa kiasi gani. Mshipi ni wa kulishika ganda jipya tu, akasema. Likishapigwa kwenye bunduki yako, liache likae begani, litakaa katikati na litapiga mahali pamoja. Na ndiyo maana zake hazikuingia kwangu. Zimekaa kwa kipimo cha chemba yake, na chemba yake ni ndefu kidogo kuliko yangu.

Hata upepo haukuvuma kunisaidia.

Mzee Anders akavua kofia yake nzuri, akaiweka gotini. Alikaa akiitazama. Nilidhani ameanza kuumwa moyo. Ndipo akasema:

"Nilitaka mtu wa kupanda naye mlima. Nyinyi mmeniletea kesi."

Royce akasema yeye yuko tayari kujitoa, Mzee aende na mimi. Hiyo ilinikera kuliko yote. Nikasema mimi ndiye ninayejitoa. Akasema hapana, yeye. Tukaanza kugombania nani hataenda, mpaka Mzee akapiga mkono wa kiti.

Lorna alikuwa anamimina kahawa. Hakuacha kumimina. Akampa baba yake kikombe, akasema kama mtu anayesema habari za chumvi:

"Mimi ninacho kibali cha kuwinda, Baba. Nakinunua kila mwaka."

Mzee akamtazama. Akasema, "Hukuniambia kama unataka kuja."

"Nilikuwa nakwenda nawe kila mwaka mpaka nilipoolewa. Halafu ukaanza kuwachukua hawa. Hukuniuliza tena."

Mzee alinyanyua kikombe, kikamshinda, akakiweka chini. Baadaye tukapakia vitu garini. Wakati huo alikuwa anamwambia Lorna farasi yupi anapenda kugeuka kushoto.

Tuliporudi nyumbani nilimuomba Lorna msamaha. Kwa dhati. Nilimwambia ningeweza kumuua baba yake. Akasema anajua. Akanikandia kile kiganja kwa barafu.

Tangu lini ananunua kibali kila mwaka? Anakiweka wapi? Miaka yote hii, sijawahi kukiona.

Jumatano, 5 Oktoba

Wamerudi kutoka mlimani. Sura ya Mzee imeungua na jua na baridi, anacheka peke yake. Lorna ananuka moshi na farasi, na ninadhani sijawahi kumwona mzuri hivyo tangu tulipochumbiana.

Wameleta elki dume. Nikamuuliza Lorna alimpiga kwa umbali gani. Akasema karibu tu, elki alikuwa anakunywa maji kwenye chemchemi, yadi hamsini au sitini. Risasi moja. Kwa bunduki ya zamani ya Mzee, isiyokuwa ya mshipi wala magnamu, na risasi za dukani kwa Opal.

Za dukani.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti changu jikoni, akasema safari nzima walizungumza habari za mama yake Lorna, marehemu, jambo ambalo hakuwahi kulizungumza na sisi wakwe. Akamwita Lorna kwa jina alilomwita utotoni. Nikatoka kwenda kuangalia friji kama ina nafasi. Ilikuwa na nafasi. Nilikaa huko kidogo.

Jumamosi, 8 Oktoba

Royce kaja leo asubuhi, bila kuitwa. Nilidhani kaja kugombana, nikasimama karibu na mlango. Alikuwa na kipande cha mshumaa na pakiti ya maganda mapya.

Akasema anataka kunionyesha, ili yasitokee tena. Yale maganda yangu yenye mstari tukayaponda yote kwa nyundo, moja moja. Kisha akalegeza kalibu yangu kwenye mashine, akaipandisha juu. Yale mapya akaniachia nikayapige mara moja machimboni, yakae kwa kipimo cha chemba yangu. Tukaenda, tukayapiga, tukarudi. Tukapaka masizi begani, tukajaribu, tukashusha kalibu kidogo, tukajaribu tena, kidogo tena, mpaka komeo likafunga kwa uzito wa kidole. Akakaza nati. Akasema hapo usiguse.

Nikashindilia tano. Mchana tukarudi machimboni. Zimekaa pamoja. Naandika tena: pamoja. Ningeweza kuzifunika zote kwa kikombe cha kahawa. Royce akanishika bega, akasema nimefanya vizuri. Nikamwambia ahsante mwanyumba, na macho yakaniwasha, na safari hii haukuwa moshi.

Tukala mkate na nyama ya elki ya Lorna. Akaenda zake.

Jumapili, 9 Oktoba

Kanisani wametangaza mashindano ya shabaha ya mwezi ujao, ya kuchangia paa la kanisa. Mshindi anapata bata mzinga. Majina ya kwanza yaliyoandikwa: Royce Amdahl na Merle Haskett.

Sikusikia mahubiri.

Royce alijua kuna mashindano. Yumo kwenye kamati ya paa. Jana alijua. Sasa nijiulize, maana mimi si mtoto: mtu anayejua mtashindana mwezi ujao, anakuja nyumbani kwako asubuhi, anakupa maganda mapya, anakutengenezea kalibu kwa mikono yake, halafu anakuambia usiguse. Usiguse! Kwa nini nisiguse kitu changu?

Na zile risasi tano zilizokaa pamoja? Ndiyo hila yenyewe. Kaniachia nionje.

Lorna kanikuta karakana nimesimama mbele ya mashine. Akauliza nafanya nini. Nikamwambia nasafisha. Akasema Royce ni mtu mwema, na mimi nikasema ndiyo, mwema sana, na nikamtazama usoni nione kama atapepesa macho. Hakupepesa. Amezoea.

Alipoondoka nililegeza nati. Nimeirudisha kalibu mpaka chini kabisa, nikaikaza kwa mikono miwili, pale pale ilipokuwa kabla hajaigusa.

Sasa aje.